Sokoine, tiketi ya ndege na kitanda cha treni

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilichaguliwa mjumbe wa kamati ya fedha ya serikali ya wanafunzi, kazi ambayo wenzangu waliikwepa kwa sababu haina posho na imejaa lawama. Kikao cha kwanza tu tukakutana na fupa. Wajumbe watano walitakiwa kwenda Mwanza kwenye mkutano wa wanafunzi. Je, waende kwa ndege, au wapande treni ya usiku pale Dar? Basi halikupata mtetezi, kila mtu alikuwa na kisa chake cha kuvimba miguu.

Hesabu ilikuwa rahisi kuisema, ngumu kuimeza. Ndege ni saa moja na nusu hivi. Treni ni usiku mbili na mchana wa katikati, zaidi ya kilometa 1,200 za reli ya kati, kitanda cha daraja la pili, watu sita chumba kimoja. Kwa bei tulizopata siku ile, tiketi moja ya ndege ingelipia karibu vitanda vya wajumbe wote. Fedha zenyewe ni za ada ya uanachama, yaani zimetoka mifukoni mwa watu ambao boom likichelewa wanashindia uji.

Nakiri hapa hapa kwamba mimi nilikuwa upande wa ndege. Si kwa sababu ya falsafa yoyote. Nilikuwa mmoja wa wale watano, na sijawahi kupanda ndege maishani. Mimi ni mtu wa Kilosa. Kwetu ndege ni kitu kinachopita juu kikielekea kwa wengine, na treni ndiyo tunayoijua kama ndugu. Babu yangu mzaa mama kastaafu kwenye gengi la reli. Amekaza mataruma kati ya Kilosa na Kidete mpaka mgongo ukakataa. Kwa hiyo nilizungumza kwa ufasaha wote niliokuwa nao kuhusu thamani ya muda wa kiongozi.

Nilikuwa nashinda. Kisha dada mmoja wa mwaka wa tatu akasema Sokoine angepanda treni. Basi, ukumbi ukanyamaza. Unajua mambo yetu: ukishamtaja Sokoine kwenye hoja ya fedha za umma, kwisha habari, anayebisha anaonekana mla rushwa. Tukapiga kura, treni ikapita.

Njiani kurudi hosteli nikajiuliza huyu dada amejuaje. Ninachojua mimi kuhusu Sokoine na usafiri ni kimoja, nacho nakipita kila nikitoka nyumbani. Basi la Kilosa linapanda Rudewa, linafika Dumila, linakunja kulia kuishika barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na kabla hujaona mashamba ya mpunga ya Dakawa yakiisha kuna mahali abiria wazee wanapunguza sauti. Hapo ndipo alipofia, ndani ya gari. Si treni, si ndege. Kesho yake nikaenda maktaba, na nikaendelea kwenda hata baada ya safari kwisha.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, katika familia ya Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe kule Moshi. Mwaka wa uhuru, 1961, alijiunga na TANU, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi akawa ofisa mtendaji wa halmashauri ya wilaya ya Wamaasai, kazi ya kuzunguka kwenye nchi kubwa yenye watu wachache, ambako maji na josho la ng'ombe ni siasa kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1965 wakamchagua mbunge. Alikuwa na miaka 27. Baadhi yetu kwa umri huo bado tunafukuzia sapu.

Sehemu iliyonikamata zaidi ni ile ambayo watu hawaisemi. Mwaka 1967 aliteuliwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Kwa hiyo uongozi wake wa kitaifa haukuanzia kwenye kuwakamata walanguzi. Ulianzia kwenye swali la watu na mizigo wasafiri kwa njia gani na kwa gharama ya nani. Na haikuwa miaka ya mchezo. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 1965, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipita kusini, ikabanwa shingo. Mzigo ukaelekezwa Dar es Salaam. Barabara ya kwenda Zambia, ile inayokatiza hifadhi ya Mikumi, ilikuwa haijawa lami inayostahili malori yale. Bomba la mafuta likakamilika 1968. Septemba 5, 1967, makubaliano ya reli ya TAZARA yakasainiwa Beijing, baada ya nchi za Magharibi kusema reli hiyo haina faida.

Kwa sisi wa Kilosa hili jambo lina mguu nyumbani. Kutoka stesheni yetu kuna tawi la reli linaloshuka Mikumi mpaka Kidatu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960. Reli ya kati ina upana wa mita moja. TAZARA ilipokuja ikajengwa kwa upana wa milimita 1,067, kufuata reli za kusini. Tofauti ni milimita 67, upana wa kiganja cha mtoto. Matokeo yake behewa la kwetu haliwezi kuendelea pale Kidatu. Mzigo lazima uhamishwe. Sisemi kosa ni la Sokoine, reli ililazimika kuungana na ya Zambia. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka 29 aliyekaa wizara ile alijifunza mapema kitu ambacho kamati yetu haikukijua: usafiri unaouona rahisi leo ni uamuzi alioufanya mtu miaka mingi nyuma, na nauli unayolipa dirishani ni sehemu ndogo tu ya bei.

Mwaka 1970 alihamia ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais kama Waziri wa Nchi, na 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Hapa napita haraka. Februari 13, 1977, Mwalimu Nyerere akamteua Waziri Mkuu. Alikuwa na miaka 38.

Sasa tazama mwezi aliopewa. CCM ilikuwa na siku nane tu tangu izaliwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, mpaka wa Kenya umefungwa. Shirika la ndege la pamoja lilikuwa na makao yake Nairobi, na ndege nyingi zikabaki huko. Makao makuu ya reli ya pamoja nayo yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo Waziri Mkuu mpya alikabidhiwa nchi ambayo ghafla haina shirika lake la ndege wala la reli. Machi 1977 ikaanzishwa Air Tanzania, na mwaka huo huo Shirika la Reli Tanzania. Tunapobishana kuhusu ndege na treni tunazungumza kama vile vitu hivi viwili viliumbwa pamoja na mlima Uluguru. Vilianza upya mwaka mmoja, kwa haraka, na kwa hela ya kuungaunga, mezani kwa serikali aliyoiongoza mtu huyu.

Hata hawakupata muda wa kupumua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na Sokoine ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya nguvu zote za nchi, za kijeshi na za kiraia, kwa ajili ya vita. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa. Reli ya kati ikabeba askari na vifaa kuelekea ziwani. Babu anasema zilipita treni usiku kucha, na gengi lao halikulala nyumbani kwa wiki kadhaa, kwa sababu taruma moja likioza kwenye kona ya mto Mkondoa, mzigo wote wa vita unalala Kilosa. Novemba 1980 Sokoine aliondoka kwenye uwaziri mkuu, afya ikiwa sababu, na Cleopa Msuya akashika nafasi.

Alirudi Februari 24, 1983, na hapa ndipo lilipo jina lake. Wazee wetu wanaijua miaka ile kwa foleni: sabuni, sukari, khanga, dawa ya meno. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mwishoni mwa Machi 1983 ikaanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa usiku ili zisikutwe ndani. Wanyonge walishangilia, na kwa nini wasishangilie.

Lakini msomaji, ukimsoma Sokoine soma na ukurasa wa pili. Sheria ya uhujumu iliyopitishwa mwaka ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na wakili. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Mwaka uliofuata ilibidi itungwe sheria nyingine kurekebisha mambo. Wapo waliowekwa ndani kwa duka lenye katoni chache. Sijui kama yule dada wa mwaka wa tatu angependa kamati yetu ya fedha iendeshwe namna hiyo. Mimi, niliyekuwa nikitetea ndege kwa ajili ya kiti changu mwenyewe, nisingependa kabisa.

Na kuna jambo jingine la 1983 lisiloingia kwenye nyimbo. Dar es Salaam ilikuwa imekwama, mabasi ya UDA hayatoshi, watu wanatembea kwenda kazini. Magari ya watu binafsi yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha, nauli shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Mwaka ule, serikali ya mtu huyu huyu wa kukamata walanguzi ikayaruhusu. Ndiyo daladala hizi unazogombea asubuhi. Alipoona sheria inamfanya mfanyakazi atembee kwa miguu, serikali yake ililegeza sheria. Kwangu mimi huyu ndiye Sokoine wa kujifunza kwake, kuliko yule wa kunyamazisha vikao.

Aprili 12, 1984, Alhamisi, masika. Bunge lilikuwa limemaliza kikao Dodoma. Wakati ule Dodoma ilishatangazwa makao makuu zaidi ya miaka kumi, lakini ofisi zilikuwa bado Dar, kwa hiyo viongozi walikuwa wakienda na kurudi, kilometa zipatazo 450. Sokoine alikuwa akirudi Dar kwa barabara. Alishavuka Dumila. Eneo la Dakawa gari lake likagongana na gari lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa wapigania uhuru wa ANC ambao Tanzania iliwapa ardhi kule Mazimbu na Dakawa. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu alilitangazia taifa redioni. Babu anasema walikuwa wamekaa kwenye kambi ya gengi na redio moja ya betri, na baada ya tangazo hakuna aliyeizima, wala aliyezungumza. Akazikwa kwao Monduli.

Julai ile ile kitivo cha kilimo cha Morogoro kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina lake: SUA. Mwaka 1992 ANC, wakijiandaa kurudi kwao, wakaiachia Tanzania shule yao ya Mazimbu, na leo ni kampasi ya chuo hicho hicho. Wanafunzi wa chuo chenye jina la aliyekufa wanasoma kwenye madarasa waliyojenga wenzake na yule kijana wa gari lile. Nikiwa Mazimbu kumtembelea rafiki hulikumbuka hilo, kisha namwuliza kama amepika.

Ile hoja kwamba Sokoine angepanda treni, basi, haina miguu. Dodoma ina kiwanja cha ndege, na serikali ilikuwa na ndege. Dodoma ina stesheni, na treni za usiku zilikuwa zikishuka Dar kila wiki kupitia Gulwe, Kidete, Kilosa. Siku ile alitumia barabara, kama tunavyoitumia wengi wetu. Hilo kwangu ndilo linalouma, na ndilo tulilolisahau kikaoni. Tulibishana ndege au treni, wakati Watanzania wengi hawachagui kati ya hivyo viwili. Mpinzani wa kweli wa kitanda cha treni ni kiti cha basi, na dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na naona kwenye makundi yetu ya simu jinsi wenzangu wanavyofurahia kwamba sasa unalala njiani bure. Kulala kwenye kiti, sawa. Ila usiite kitanda.

Wala treni si malaika. Juni 24, 2002, treni ya abiria ya reli hii hii ilishindwa kupanda kilima karibu na Igandu, Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wote waliotoka Dar walikuwa wameipita Kilosa usiku ule, na wapo waliowapungia. Na mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na Kilosa ikakaa miezi bila treni ya abiria. Ndege nayo: Novemba 6, 2022, moja iliangukia ziwani pale Bukoba, watu 19 wakafa. Mtu anayekuambia usafiri fulani ni salama, nukta, anakuuzia tiketi.

Safari yetu yenyewe? Tulipanda pale stesheni kuu ya Dar, na ukitoka nje uangalie kibao cha mtaa kimeandikwa Sokoine Drive. Ya uwanja wa ndege ni Barabara ya Nyerere. Nilicheka peke yangu. Chumba cha watu sita, vitanda vitatu kila upande, nikapata cha juu ambako feni ipo karibu na pua. Usiku mkubwa tukafika Kilosa. Babu alikuwa jukwaani na tochi yake ya kazini na kifuko cha mahindi ya kuchemsha, amekaa tangu saa nne. Nilimwamkia kupitia dirishani. Hakuuliza habari za masomo. Aliniuliza tuko behewa la ngapi kutoka kwenye kichwa, akanipa namba ya kona za kuangalia mpaka Gulwe, akanisisitizia nilale kabla ya hapo. Sikulala. Nilisikiliza magurudumu yakipita kwenye mataruma aliyoyakaza, na mto ukiwa chini upande wa kushoto, gizani.

Asubuhi Dodoma, chai kwenye behewa la mgahawa. Mchana Saranda, kuku. Jioni Tabora. Wajumbe watano tuliokuwa hatusalimiani vizuri tulimaliza ajenda yote ya mkutano kabla ya Mwanza, na hilo ndege isingetupa. Lakini niseme na upande wa pili: kwenda na kurudi nilitumia siku nne njiani, test moja ikanipita, na Septemba nikairudia kwa sapu. Ada ya sapu niliilipa mwenyewe. Hiyo haikuwa kwenye hesabu za kamati.

Sasa nipo mwaka wa mwisho, na hoja imerudi: mkutano ni Mwanza tena. Mambo yamebadilika. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakwenda Dar mpaka Dodoma kwa saa zisizofika tano, kwenye mahandaki yaliyochimbwa milima ya kwetu Kilosa, na haina vitanda kwa sababu huhitaji kulala. Baada ya Dodoma bado kuna safari ndefu. Msimamo wangu nimeuandika kwenye kumbukumbu za kamati. Mkutano ukiwa likizo, wajumbe waende kwa reli, na walipiwe kitanda, si kiti, kwenda na kurudi. Ukiwa katikati ya muhula na kuna mitihani, anayekabiliwa na test apande ndege, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mwanachama aione. Asitumwe mtu kwa gari la kukodi la kukesha barabarani, hata likiwa rahisi kuliko yote.

Kikao ni Jumatano saa kumi. Atakayemtaja Sokoine nitamwomba atuambie ni wa mwaka gani: wa Machi 1983, wa daladala, au yule wa Aprili 12.